Ukuta Usiolala

Mama Peresi alikuwa amekonda, tena si kukonda kwa mtu mzima anayeanza kupungua mwili polepole. Damari alipomwona akitoka mlangoni, kitenge kimemzunguka kiuno mara mbili na bado kinataka kuteleza, moyo ulimshuka. Kwenye simu alikuwa ameambiwa ni jua tu, mvua ikinyesha mwili utarudi. Aliamini, kwa kuwa kazi kiwandani ilikuwa nyingi na kuamini hakuhitaji nauli.

"Mbukwa, mwanangu," mama alimwamkia kwa Kigogo, akacheka kana kwamba hakuna lolote.

Damari aliitika, akamkumbatia, akahisi mbavu moja moja chini ya kanga. Watoto wa Kigogo hawamwambii mama yao mlangoni kwamba amekwisha. Wanaingia ndani kwanza, wanakunywa maji, wanasubiri.

Nyumba yenyewe ilipendeza, hilo hata adui angekiri. Kuta zilikuwa zimenyooka, rangi yake kama asali iliyokaa sana, juu bati la buluu, dirisha la kioo kila chumba. Kijiji kizima cha Wilindi kilikuwa hivyo, mstari kwa mstari, nyumba zilizoumbwa kwenye kiwanda hicho hicho cha Damari ndani ya kalibu, zikapakiwa kwenye lori kama mikate kwenye trei, zikafika asubuhi vipande vipande na kusimamishwa kabla chakula cha mchana hakijaiva. Hazikuwa na saruji wala nondo, wala fundi wa kukaa mwezi mzima akidai chai. Zamani nyumba ya namna hiyo ilikuwa ya mbunge. Aliyeishusha bei mpaka mkulima wa uwele akaweza kulala ndani yake alikuwa Damari, na Wilindi ilijua. Njiani watu walikuwa wamemwamkia kwa heshima ya mtu aliyewatoa kwenye matembe ya udongo.

Walikula ugali kidogo na mlenda. Mama alimega matonge mawili, akanawa, akasema ameshiba. Kisha akachota kata ya togwa kutoka kwenye chungu cha pembeni, togwa zito, la uwele uliooteshwa vizuri, harufu yake ikajaa nyumba. Damari alinyoosha mikono kupokea. Mama akampita, akaingia chumbani.

Damari alimfuata, akamkuta amepiga magoti kwenye kona, akimimina togwa polepole kwenye tundu dogo chini ya ukuta. Halikutoka hata tone sakafuni. Ukuta ulikunywa lote, kisha ukatoa sauti ndogo ya kumeza.

"Mama, unafanya nini?"

"Naipa nyumba chakula chake." Mama alisema bila kugeuka. "Isipopata, inatafuna."

Damari aliweka sikio ukutani. Upande ule wa kona palikuwa kimya. Alisogea hadi kwenye ukuta wa mbali, ambako togwa lilikuwa halijafika, na hapo akasikia: kitu kikitafuna, taratibu, bila haraka, kama mbuzi aliyelala anacheua. Alibandua sikio, akaliweka tena, kwa kuwa mtu akisikia jambo asilolitaka hutaka kulisikia mara ya pili.

Mama alimweleza huku akisuuza kata. Yalianza baada ya masika yaliyopita. Mwanzo alidhani ni mchwa, akamwaga majivu, akamwaga mafuta taa; kutafuna kukaendelea. Siku moja chungu kilimponyoka na togwa likaingia ukutani, usiku huo nyumba ikanyamaza. Tangu hapo akawa anaipa. Ilianza na kata moja kwa wiki. Sasa ilikuwa kila siku, na kata imekuwa kibuyu, na uwele wa gunia la mwisho ulikuwa unaelekea zaidi ukutani kuliko tumboni mwake.

Damari alimuuliza kwa nini hakusema. Mama aliweka kata juu ya chungu.

"Ningesema nyumba ya mwanangu imeharibika, nani angeaibika?"

Aliuliza pia habari za majirani. Mama akajibu kwamba ya majirani hayajui. Hapa Wilindi siku hizi kila mtu anatwanga sana na hakuna anayemuuliza mwenzake anamtwangia nani. Hapo Damari akakumbuka njia aliyokuja nayo. Kila ua ulikuwa na mwanamke kwenye kinu, mchana kweupe, mwaka wa njaa, na kila aliyemwamkia mashavu yalikuwa yamebonyea. Alikuwa ameona yote hayo akayapita, akifurahia kuamkiwa.

*

Kiwandani alirudi na kipande cha ukuta wa mama yake kwenye mfuko wa sukari. Alikikata, akakiweka chini ya kioo cha kukuza, akakaa nacho mpaka shingo ikakakamaa.

Ukuta wa Wilindi ulikuwa kitu hai, na hilo halikuwa siri; lilikuwa tangazo la biashara. Udongo wa kichuguu, maganda ya karanga na unga wa mbao vilichanganywa, vikatiwa chachu ya kuvu, vikamiminwa ndani ya kalibu na kufungiwa kwenye chumba chenye joto. Kuvu ilitambaa ndani ya mchanganyiko kama mizizi, ikaufunga kwa nyuzi zake hadi ukawa mgumu kuliko tofali la kuchoma. Kisha paneli ilianikwa juani, na kuvu ikalala. Ukuta ukipata ufa, umande ukaingia, kuvu iliamka, ikaziba ufa kwa nyuzi mpya, ikakauka, ikalala tena. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kiwanda kikaandika kwenye malori yake, "Huu unajiziba wenyewe." Watu walicheka, wakanunua.

Ghali ilikuwa chachu. Ililetwa kwa ndege ndani ya masanduku ya barafu, na peke yake ilikula nusu ya bei ya nyumba. Damari ndiye aliyesema, kwenye kikao ambacho wanaume wote walikuwa wanatazama simu zao, kwamba hakuna haja. Mama yake hakununua chachu hata siku moja. Alibakiza togwa la jana, akachagua lile lililoumuka vizuri, akaanzishia la leo. Walijaribu. Kila jioni waliweka kando bonge la mchanganyiko wa siku ile, na asubuhi wakaanzishia paneli mpya. Na kwa kuwa yeye ni binti wa Mama Peresi, alisisitiza wachague kila mara bonge lililoumuka upesi kuliko mengine. Masanduku ya barafu yalikoma kuja. Wilindi ikajengwa.

Sasa chini ya kioo aliona walichokuwa wamekichagua. Kila siku walikuwa wameitupa kuvu iliyochelewa kuamka na kubakiza iliyowahi, na iliyowahi kuamka siku zote ni ile isiyolala sawasawa. Walikuwa wamefuga, bonge kwa bonge, kuvu isiyojua kulala kabisa. Ilikuwa macho kiangazi kizima ndani ya kuta kavu, na kiumbe kilicho macho kinakula. Ikikosa kingine ilikula unga wa mbao, yaani kile hasa inachotakiwa kukishika. Ikipewa togwa iliacha mbao, lakini ilinenepa, na kesho ikataka zaidi.

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakufikiria chumba cha kulala.

Alijaribu kuilaza. Chokaa iliikera tu, ikatafuna kwa kasi. Chumvi haikufika ndani. Moto uliiua, naam, lakini kuvu ikifa nyuzi hukatika, na kipande kilichochomwa kilimomonyoka mkononi mwake kama biskuti iliyosahaulika kwenye chai. Ukuta haukuwa na ugonjwa unaoweza kutolewa. Ugonjwa ndio uliokuwa umeushika usianguke.

Mhandisi Rweyongeza, meneja wa kiwanda, alisikiliza yote bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliongeza uzito. Alikuwa na mazoea ya kukunja mikono ya shati anapofikiri, na siku hiyo aliikunja hadi mabegani. Mwisho akasema kwamba kumbe kuna njia. Kiwanda kinaweza kutengeneza lishe ya ukuta, ya unga, kwenye pakiti, molasi na pumba, watu wakawa wananunua kila mwezi kama wanavyonunua umeme. Yeye Damari angeongoza kitengo hicho. Lakini mashine zingewekwa baada ya masika, si kabla.

Damari alimuuliza watu wa Wilindi watailisha nini hadi hapo. Walikuwa wamevuna magunia ya kuhesabika kwa vidole. Waliobaki na kitu, walibaki na mbegu.

"Na wakiacha kulisha, Dada Damari, watalala wapi?" Rweyongeza aliuliza taratibu. "Matembe yao tuliyasaga sisi."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ili kupunguza gharama zaidi, kila familia ilileta tembe lake kama sehemu ya malipo. Nguzo, fito, boriti zilizokaa miaka na miaka bila kuoza, zote zilipita kwenye mashine zikawa unga, zikaingia kwenye kalibu. Nguzo za baba yake Damari, alizozikata mwenyewe milimani wakati milima ilikuwa bado na miti, zilikuwa ndani ya ukuta wa mama yake. Ndizo zilizokuwa zinatafunwa.

Aliomba mahema. Hakukuwa na mahema. Aliomba kiwanda kiwatangazie watu ukweli, na Rweyongeza akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo, akasema kwamba kampuni haiwezi kutangaza jambo ambalo halina jibu. Kama yeye anataka kwenda kusema kama mtoto wa Wilindi, hatamzuia, wala hatamtetea.

*

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, alasiri. Mwenyekiti, Mzee Ndahani, alikuwa mwanaume mnene zamani, na suti yake bado ilikuwa inamsubiri anenepe. Alimkaribisha Damari kwa maneno mengi na macho machache.

Damari aliwaeleza kila kitu, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kujificha nyuma ya majina ya kitaalamu. Alisema chachu ilikuwa wazo lake. Alisema kuta haziwezi kutibiwa. Alisema mvua zikija na kuta zikalowa, kuvu itaamka maradufu, na nyumba isiyolishwa itaanguka. Aliposema neno kulishwa, hakuna aliyeshtuka. Watu walitazama chini. Mwanamke mmoja alianza kulia kimyakimya, na mwenzake akamshika mkono, na Damari akaelewa kwamba hakuwa anawaletea habari. Alikuwa tu wa kwanza kuzisema hadharani. Kila mmoja alikuwa ameilisha nyumba yake kwa siri akidhani ni yake peke yake iliyolaaniwa.

Kwa kitambo kidogo palikuwa na nafuu ya ajabu. Walianza kusimuliana. Mmoja alikuwa anaipa asali. Mwingine alikuwa ameuza mbuzi anunue sukari. Foibe, aliyekuwa analala chumba kimoja na Damari walipokuwa shule, alisema yeye huupa kwanza ukuta, watoto baadaye, kwa sababu ukuta ukianguka utaangukia watoto. Alilisema hilo wazi, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufika sokoni, na wengi walitikisa vichwa wakikubali.

Damari akawaambia alichokuja kuwaambia. Mbegu iliyobaki wasiupe ukuta. Wahame sasa, kukiwa bado kukavu, wajenge vibanda vya mabua kwenye mashamba, wapande mvua ya kwanza ikishuka. Nyumba ziachwe zianguke zenyewe. Zitaanguka pole, alisema. Kuvu haikati kama msumeno, inalegeza. Mtu atasikia, atapata muda wa kutoka. Watapoteza nyumba lakini watavuna.

Mwisho Foibe akauliza swali moja.

"Lakini ikilishwa, haianguki?"

Damari alisema itataka zaidi kila siku. Alisema hakuna ghala la kuishibisha. Alisema mwisho itawala wao wenyewe.

"Nimesikia," Foibe akasema. "Ila ikilishwa haianguki."

Mzee Ndahani naye akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kwamba walipokuwa kwenye matembe watu wa mjini waliwaita panya. Watoto wao walichekwa shuleni kwa udongo uliowadondokea kichwani. Leo mtu anawaambia warudi kwenye vibanda vya mabua, tena mtu yuleyule aliyewatoa. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali.

Damari aliona wanaanza kuinuka. Akasema, kabla hajafikiri vizuri, kwamba atawaonyesha. Nyumba ya mama yake haitalishwa tena. Waje waangalie. Wataona inavyoanguka pole, na wataona mama yake yuko hai, anakula, ana mbegu mkononi.

Watu wote waligeuka kumtazama Mama Peresi, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe la nyuma. Damari naye aligeuka, na hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amemwuliza.

Mama alijisawazisha kitenge.

"Nilifikiri nitafia ndani yake," alisema. "Basi. Nyumba ni ya mwanangu, atafanya atakavyo."

*

Walihamia uani, chini ya turubai alilolinunua Damari njiani. Vyombo walivitoa, kitanda wakakitoa, mlango wakaung'oa ili nao usaidie kwenye kibanda. Bati waliliacha, kwa kuwa kulishusha kulihitaji wanaume, na hakuna mwanaume aliyejitokeza.

Kila asubuhi Damari alipika togwa, na mama alitaka kuinuka na kata, na Damari alimkalisha chini na kumpa alinywe yeye. Siku za kwanza mama alikunywa huku akitazama ukuta, kama mtu anayekula mbele ya mtoto wa jirani. Kutafuna sasa kulisikika hadi uani. Usiku kulikuwa kukali zaidi. Mama alilala amejifunika kichwa.

Lakini alinenepa. Damari aliliona hilo kwa macho yake na lilimpa nguvu: uso ulirudi, sauti ikarudi, siku moja mama akaimba wimbo wa zamani wa kupeta huku akichambua mbegu. Mbegu zilikuwa ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa nta, zimening'inizwa juu ya moshi zisiliwe na wadudu. Walikuwa wameshalima kipande nyuma ya nyumba. Kila aliyepita njiani alisalimiwa kwa sauti kubwa na Damari, makusudi, ili asimame na kumwona mama. Wengi walisimama. Walimwamkia mama, kisha macho yao yakapanda ukutani, yakafuata nyufa zilizokuwa zimeanza kwenye kona za dirisha, yakabaki huko.

Alijua wanatazama nini. Alijipa moyo kwamba mwisho wa yote watatazama yote mawili.

Mvua ilikuja baada ya adhuhuri, bila radi, wingu zito tu lililotoka upande wa milima. Matone ya kwanza yalirusha vumbi. Watu walianza kutoka majumbani, kwa kuwa walikuwa wanaisubiri mvua kama kila mwaka, na kwa kuwa walijua mwaka huu italeta na nini. Walisimama barabarani, wamejifunika ndoo na kanga, mbele ya nyumba ya Mama Peresi.

Ukuta wa magharibi ulilowa kwanza. Rangi yake ya asali ikawa ya kahawa, kisha nyeusi. Kutafuna kulipanda, kukawa sauti moja isiyo na pumzi, kisha kukakoma. Damari aliijua maana yake. Hapakuwa tena na cha kutafuna.

Nyumba ilianguka pole, kama alivyosema. Ukuta wa magharibi ulikaa chini, kama mzee anayetafuta kigoda kwa mkono. Bati likainama, likateleza, likagonga ardhi kwa kishindo kimoja. Kuta nyingine tatu zikafuata, zikaingia ndani, zikawa kilima cha udongo laini kinachotoa mvuke. Ndani ya udongo zilionekana nyuzi nyeupe zikitembea, zikitafuta. Hakuna aliyeumia. Kuku wa mama alikuwa amesimama kando akajikung'uta na kuendelea kudonoa.

Damari alimshika mama mkono, akamsogeza mbele, akamsimamisha mahali watu wote wangemwona. Mwanamke mzima, mashavu yamejaa, kibuyu cha mbegu kwapani. Alitaka kusema kitu, na akaona hakuna haja, kwa kuwa kila alichotaka kusema kilikuwa kimesimama hapo kwa miguu yake.

Hakuna aliyemwangalia mama. Foibe alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, macho yake kwenye kilima cha udongo. Mzee Ndahani alivua kofia, jinsi wanavyovua makaburini. Mtu mmoja akanong'ona jina la Bwana. Kisha, mmoja mmoja, bila kuagana, waligeuka na kurudi majumbani kwao, wengine wakitembea haraka, wengine wakikimbia kabisa kwenye matope.

Damari aliwaita. Alimwita Foibe kwa jina, jina la shule, na Foibe hakugeuka.

Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Ardhi ilikuwa imelowa vizuri, hadi ndani, unyevu ambao mkulima huuomba. Ilikuwa saa ya kupanda. Mama alifungua kibuyu, akachukua jembe, akaanza kipande chake kidogo nyuma ya kifusi. Damari alichimba mashimo, mama akadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo, na kwa muda hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa jembe.

Halafu kinu kimoja kikaanza, upande wa nyumba ya Foibe. Kikafuata cha pili, nyuma yake. Damari alidhani ni chakula cha jioni, na akaendelea kuchimba. Vikaongezeka, vitatu, vitano, mtaa wa chini, mtaa wa juu, hadi Wilindi yote ikawa inadunda, michi ikipishana kwa haraka ya watu wasio na siku ya kupoteza. Hakuna nyumba iliyokuwa na nafaka ya kutwangwa namna hiyo. Aliwahi kuingia kwenye maghala yao, aliyajua yalivyo. Kilichokuwa kimebaki kilikuwa kimening'inizwa juu ya moshi, kimezibwa kwa nta.

Mama naye alikuwa amesimama, mbegu kiganjani, kichwa kimeinama upande mmoja akisikiliza. Alikuwa ametwanga maisha yake yote, na alijua kwa mlio tu kilichomo kinuni.

"Wanatwanga mbegu," alisema.

Shamba la Wilindi lilikuwa limelala mbele yao, limelowa, tupu hadi kwenye milima, na mvua ilikuwa inaanza tena. Mama alidondosha mbegu kwenye shimo lililofuata, akafukia, akamwambia binti yake achimbe jingine.